Baraza la Wafanyakazi Si Ubao wa Matangazo

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma juu ya ushirikishwaji wa wafanyakazi mahali pa kazi.)



Katika ofisi nyingi na shule nyingi za Tanzania, kiongozi wa kazi akiulizwa kama wafanyakazi wake wanashirikishwa hujibu upesi kwamba wanashirikishwa, na ushahidi anaoutoa ni kundi la simu. Kila mtumishi yumo. Asubuhi matangazo hutumwa humo, mchana barua zilizopigwa picha hutumwa humo, na jioni hufuata taarifa za misiba na michango ya harusi. Hakuna awezaye kudai kwamba hakupata habari. Basi, asema kiongozi huyo, ushirikishwaji upo na hakuna la zaidi la kudaiwa.

Jibu hilo lina kasoro kubwa. Kupashwa habari ni jambo moja, na kushirikishwa ni jambo jingine. Ubao wa matangazo ulioangikwa ukutani kando ya mlango wa masijala uliwapasha watu habari miaka mingi kabla simu za mkononi hazijafika nchini, wala hakuna aliyepata kuuita ubao ule baraza. Mwenye kutaka kujua kwa hakika kama wafanyakazi wa mahali fulani wanashirikishwa hana budi kuuliza maswali matatu. La kwanza: je, mfanyakazi alipata kusema neno lake kabla uamuzi haujafanywa? La pili: je, neno lake lilijibiwa? La tatu: je, alilisema bila hofu? Panapokosekana jibu la ndiyo kwa maswali hayo, ushirikishwaji haupo, hata kama matangazo yanatumwa kila saa.

CHIMBUKO LA MABARAZA

Suala hili si geni katika nchi hii. Mwaka 1964, mwaka ule ule ambao chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kiliundwa, ilitungwa sheria ya kulinda ajira iliyoweka kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Kazi kubwa ya kamati hizo ilihusu nidhamu. Mwajiri hakuwa tena na uhuru wa kumwadhibu au kumfukuza mtu kwa hasira ya asubuhi. Ilimpasa kwanza kusema na kamati. Huo ulikuwa ulinzi, na ulikuwa wa maana sana kwa watu waliotoka katika enzi ambayo neno la bwana mkubwa lilikuwa ndilo sheria. Lakini ulinzi wa mtu asionewe haukuwa bado nafasi ya mtu huyo kutoa mawazo yake juu ya namna kazi inavyoendeshwa.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha. Rais Julius Nyerere alitoa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka huo, ulioagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi. Humo meneja, wakuu wa idara, mwakilishi wa chama kilichotawala, wajumbe wa kamati na wawakilishi waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe walitakiwa kuketi pamoja na kuzungumzia mipango ya uzalishaji, ubora wa bidhaa, masoko na mapato. Hoja ya msingi ilikuwa nyepesi kueleweka. Mashirika yalikuwa yamekuwa mali ya umma. Basi haikuwa haki kwamba mwenye mali, anapokuwa kazini, asisikie kitu chochote isipokuwa amri.

Mwaka uliofuata, Februari 1971, ulitoka Mwongozo wa TANU. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, fahari, dharau na uonevu kwa wale anaowaongoza. Wafanyakazi walikisoma kifungu hicho kwa makini kuliko mameneja wengi walivyotazamia. Kati ya mwaka 1971 na 1973 ilitokea migomo mingi katika viwanda na mashirika, hasa Dar es Salaam, na katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walifikia hatua ya kukishika kiwanda wenyewe. Jambo la kuzingatia ni malalamiko yaliyotolewa katika migomo hiyo. Mara nyingi hayakuhusu mshahara. Yalihusu matusi, dharau, matumizi mabaya ya mali na viongozi wasiotaka kusikia. Watu waliacha kazi kwa sababu walitaka kuhesabiwa kuwa watu.

KWA NINI YALIFIFIA

Mabaraza yale hayakuleta matunda yote yaliyotarajiwa. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliochunguza mambo ya wafanyakazi katika miaka ile, miongoni mwao Henry Mapolu na Pascal Mihyo, waliandika juu ya mvutano uliokuwapo kati ya wafanyakazi na uongozi, na juu ya umbali kati ya waraka na vitendo. Sababu zake zafaa kukumbukwa, kwa kuwa zinaweza kurudi katika sura mpya.

Sababu ya kwanza ni kwamba baraza lilikuwa chombo cha ushauri. Uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa uongozi na bodi. Ushauri si kitu kibaya. Lakini mshauri asiyejibiwa huchoka, na akichoka hunyamaza. Sababu ya pili ni maarifa. Mwakilishi wa wafanyakazi aliyewekewa mbele yake mahesabu ya mwaka asubuhi ile ile ya mkutano hakuweza kubishana na mhasibu aliyeyaandaa kwa miezi mitatu. Alitikisa kichwa, akanywa chai, akarudi kwenye mashine yake. Sababu ya tatu ni kwamba mwakilishi huyo aliketi mbele ya watu wale wale waliokuwa na uwezo juu ya kazi yake. Si kila mtu ana moyo wa kumkosoa leo anayeweza kumhamisha kesho.

Sheria za leo zimelihifadhi wazo lenyewe. Sheria ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma ya mwaka 2003 inaweka mabaraza ya wafanyakazi katika utumishi huo, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa nafasi kwa mwajiri na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa kufanya mkataba wa kuunda chombo cha ushirikishwaji. Hata Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake Na. 129 la mwaka 1967 juu ya mawasiliano mahali pa kazi, lilieleza kwamba katika mambo makubwa yanayowahusu wafanyakazi, habari itolewe na mashauriano yafanywe kabla uongozi haujaamua. Neno zito hapo ni «kabla». Kumwita mtu kutoa maoni juu ya jambo lililokwisha kutiwa sahihi ni kumtania.

KUNDI LA SIMU NA KUNDI LA PILI

Sasa simu imeingia mahali pa kazi, na haina budi kupimwa kwa haki. Faida yake ni kubwa. Halmashauri moja ya wilaya huwa na shule, zahanati na ofisi za kata zilizotawanyika mbali mbali. Mwalimu wa shule ya mwisho wa barabara akitaka kufika makao makuu ya wilaya hutumia nauli, hulala ugenini na kuacha darasa bila mtu. Mwuguzi aliye peke yake katika zahanati hawezi kuondoka kabisa. Baraza linalokutana mara moja au mbili kwa mwaka huwafikia watu hawa kwa njia ya mwakilishi tu, na pengine mwakilishi mwenyewe hawajui kwa sura. Simu inaweza kufupisha umbali huo, ili hoja ya mtu wa pembezoni iwafikie wakubwa siku ile ile.

Lakini hebu yatazamwe yanayotokea katika makundi mengi. Mkuu hutuma tangazo. Hufuata mlolongo wa majibu: «Nimepokea mkuu», «Ahsante mkuu», na vidole gumba vilivyoinuliwa. Mtu mmoja akiuliza swali, kimya hutanda. Na baada ya kimya hicho mkuu huleta tangazo jingine. Waliobaki hujifunza somo upesi. Jioni ile ile, katika kundi la pili ambalo mkuu hayumo, maneno hububujika. Humo ndimo linamosemwa kwamba ratiba mpya haiwezekani, kwamba dari la darasa la nne linaning'inia, kwamba dawa fulani zimejaa stoo na zinakaribia kupita muda wake ilhali kituo jirani hakina hata moja.

Kundi hilo la pili ni kipimo kuliko taarifa yoyote ya utekelezaji. Mahali ambapo kundi la pili lina mawazo mengi kuliko la kwanza, hapo baraza halipo, hata kama muhtasari wake umechapwa na kufungwa katika jalada. Wala si ajabu. Neno lililoandikwa katika simu halipotei kama neno la mdomo. Hupigwa picha, hupelekwa kwingine, husomwa na mtu asiyekusudiwa. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, watu wamezidi kupima wanayoyaandika. Mtumishi mwenye watoto wa kusomesha hachezi na mkate wake kwa ajili ya sentensi moja.

Na anayelipa gharama ya kimya hicho ni mwananchi. Waswahili husema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu wa zamu ndiye anayejua bomba lililokauka tangu Jumatatu. Karani wa masijala ndiye anayejua kwa nini jalada la mwombaji kiwanja halionekani. Mhudumu wa wodi ndiye anayejua saa ambayo wagonjwa huachwa bila mtu. Mkubwa asipowasikia hao huongoza kwa kubahatisha. Kila mtoto ameambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini na mkuu asiyesikia la walio chini yake naye huvunjika, tena mara nyingi huvunjika pamoja na shirika zima.

YANAYOPASA KUFANYWA

Njia ya kujenga jumuiya ya wafanyakazi wenye moyo na kazi yao haihitaji fedha nyingi. Inahitaji utaratibu, na utaratibu huo unaweza kuanzia katika shule moja au idara moja.

Jambo la kwanza ni kuleta rasimu kabla ya uamuzi. Makisio ya matumizi ya fedha za shule, ratiba ya vipindi, mpango wa likizo na zamu, yote hayo yaoneshwe kwa watu yakiwa bado yanaweza kubadilishwa, na siku ya mwisho ya kutoa maoni itajwe. Mahesabu yaelezwe kwa Kiswahili chepesi: kiasi kilichopokelewa, kiasi kilichotumika, kiasi kilichobaki. Mwakilishi apewe karatasi hizo siku za kutosha kabla ya kikao, ili aende kuwauliza aliotumwa nao. Mwakilishi asiyewauliza wenzake huwa anajiwakilisha mwenyewe tu.

Jambo la pili ni kujibu. Katika mihtasari ya vikao kipo kipengele kinachoitwa «yatokanayo». Mara nyingi kipengele hicho husomwa kwa haraka ili watu wafike kwenye mambo mapya. Yapasa kiwe moyo wa kikao. Kila hoja iliyotolewa ipewe jibu moja kati ya matatu: imekubaliwa, na fulani ataitekeleza kufikia tarehe fulani, imekataliwa, na sababu yake ni hii, inasubiri, na inasubiri kitu hiki. Mtumishi anaweza kuvumilia kukataliwa akiambiwa sababu. Asichoweza kukivumilia ni kusema kisha kuona kwamba maneno yake yametupwa kama jiwe baharini.

Jambo la tatu ni kuondoa hofu. Maoni juu ya mambo mazito yaweza kukusanywa na mwakilishi aliyechaguliwa, au na tawi la chama cha wafanyakazi, kisha yakaletwa mezani yakiwa hoja za wote bila majina. Malalamiko dhidi ya kiongozi yasipelekwe kwa kiongozi huyo huyo ayaamue. Yawe na njia yake inayojulikana. Na kiongozi anayekosolewa kwa adabu hadharani ajue kwamba macho yote yanamtazama wakati ule. Akijibu kwa utulivu, amefungua vinywa ishirini. Akitoa karipio, amevifunga kwa muda mrefu, na hakuna waraka utakaovifungua.

Jambo la nne ni kuitumia simu kwa mpango. Matangazo yawe na mahali pake, hoja za kazi mahali pake, na misiba na sherehe mahali pake, ili hoja ya maji ya shule isizikwe chini ya rambirambi sitini. Saa za kazi ziheshimiwe. Agizo linalotumwa usiku wa manane halimjengei mtu moyo wa kazi. Habari za mtu binafsi, kama vile ugonjwa wake, madeni yake au barua yake ya nidhamu, zisipelekwe kundini hata kidogo, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda, na hata kabla ya sheria hiyo utu ulizilinda. Tena isisahauliwe kwamba mlinzi, mpishi na mhudumu wa ofisi pengine wana simu za kitochi zisizopokea makundi. Hao nao ni wafanyakazi. Utaratibu unaowaacha nje umewagawa watu badala ya kuwaunganisha.

Jambo la tano ni kuanza na madogo yanayoonekana. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia utaratibu wa kuboresha kazi uliotokana na viwanda vya Japani, ambao baadaye ulienea katika hospitali nyingine nchini. Hatua zake tano zilipewa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Maana yake ni kwamba watu wa chumba kimoja cha kazi hukaa pamoja, wakaondoa kisichohitajika, wakapanga kinachohitajika, wakasafisha, wakakubaliana kanuni moja, kisha wakadumu nayo. Wazo la wapi dawa ziwekwe au jalada lipangwe vipi hutoka kwa yule anayelishika kila siku. Utaratibu wa namna hiyo humpa mtu kitu ambacho hotuba haiwezi kumpa: huona kwa macho yake kwamba wazo lake la Jumanne limebadilisha kazi ya Alhamisi. Mtu aliyeona hivyo mara moja atasema tena.

WAJIBU WA MFANYAKAZI

Itakuwa si haki kuweka mzigo wote juu ya viongozi. Baraza huuawa pia na wafanyakazi wenyewe. Wako wanaomchagua mwakilishi kwa sababu ni mcheshi, kisha hawamwulizi lolote mpaka uchaguzi mwingine. Wako wanaotaka baraza lizungumzie posho tu, na mazungumzo yakifika kwenye mahudhurio ya walimu darasani au foleni ya wananchi dirishani, hutazama saa. Wako wanaosema kwa ukali kwenye kundi la pili na kuwa bubu kikaoni, halafu hulalamika kwamba hawakusikilizwa.

Madai ya malimbikizo ya mishahara, ya kupandishwa madaraja na ya gharama za uhamisho ni madai halali, na hakuna mwenye haki ya kuwanyamazisha wanaoyatoa. Lakini mfanyakazi anayedai haki yake akiwa pia ametoa mawazo ya kuboresha kazi husimama mahali imara zaidi. Huyo hawezi kuambiwa kwamba anachojua ni kudai tu. Na mara nyingi haki na kazi hukutana: mwalimu anayesema kwamba wanafunzi mia moja katika chumba kimoja hawafundishiki anadai haki yake na ya watoto kwa sentensi moja.

Waswahili walilijua jambo hili kabla ya waraka wowote waliposema kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Methali hiyo hutumiwa sana katika hotuba, lakini sharti lake husahauliwa: wengi hao hawana budi kusema. Penye wengi walionyamaza, neno huharibika kama kawaida, tena huharibika mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo basi, kila mkuu wa shule, kila mganga mfawidhi na kila mkuu wa idara anaweza kujipima kabla ya kikao kijacho cha bajeti. Afungue muhtasari wa kikao kilichopita, ahesabu hoja ngapi zilitoka kwa wafanyakazi wa chini, na ngapi kati ya hizo zilijibiwa kwa maandishi. Kila mwakilishi naye ajihesabie watu aliowauliza kabla ya kwenda kikaoni. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu kutoka wizarani, wala haichukui zaidi ya nusu saa. Na ikionekana kwamba hakuna hoja hata moja iliyoandikwa, pasidhaniwe kwamba wafanyakazi wa mahali hapo hawana la kusema. Wanalo, na wanalisema kila jioni. Kazi iliyobaki ni kuwafanya waone kwamba ni salama, tena kuna faida, kulisema mezani mchana.